DAKTARI ALIYEWAINUA WAZEE KITANDANI: MAISHA YA MARIUS SMITH-PETERSEN NA MSUMARI WAKE WA NYONGA

Tuipumzishe siasa kidogo, maana kila siku tunavutana humu kwa mambo yale yale. Leo nataka nimzungumzie mtu ambaye nadhani wengi wenu hamjawahi kumsikia, lakini inawezekana kabisa una mama, bibi au jirani anayetembea kwa miguu yake kwa sababu ya kazi aliyoifanya.

Nianzie nyumbani. Bibi yangu mzaa mama aliteleza uani akitoka kuoga. Ni kitu cha sekunde mbili tu. Damu haikutoka na jeraha halikuwepo, ila mguu wa kulia ulionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelala kwa nje. Tukampeleka hospitali, picha ikapigwa, tukaambiwa kavunjika nyonga na kwa umri ule arudi tu nyumbani apumzike. Tukarudi naye, tukamlaza, tukamhudumia kwa moyo wote. Mwezi wa tatu akafariki. Kilichomwondoa si mfupa jamani, ni kifua kilichojaa na vidonda vya mgongoni vya kulala muda mrefu. Pale msibani kila mtu alisema ni uzee, na mimi nikaitikia ni uzee.

Hospitali siitaji wala simlaumu mtu. Nimeanza na hilo kwa sababu miaka baadaye nilikuja kusoma kwamba swali la bibi yangu, yaani mzee akivunjika nyonga afanywe nini asifie kitandani, lilikuwa limeshapata jibu la maana tangu miaka ya 1920, kule Boston, Marekani. Na aliyelifanyia kazi jibu hilo hadi dunia ikalikubali alikuwa mhamiaji kutoka Norwei.

KIJANA WA GRIMSTAD

Marius Nygaard Smith-Petersen alizaliwa Novemba 1886 katika mji wa Grimstad, kusini mwa Norwei. Ni mji mdogo wa bandari, wa mabaharia na wajenzi wa meli. Wanaopenda fasihi wanaujua kwa sababu nyingine: Henrik Ibsen, mwandishi wa tamthilia, alifanya kazi kwenye duka la dawa hapo alipokuwa kijana.

Mwaka 1903, Marius akiwa na miaka 16, alihamia Marekani pamoja na mama yake, wakafikia Milwaukee katika jimbo la Wisconsin. Hebu mfikirie kijana wa umri huo, nchi ngeni, lugha ngeni, anaanza moja. Alisoma, akapata shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1910, kisha akaingia shule ya udaktari ya Harvard na kumaliza mwaka 1914. Kutoka hapo akafanya mafunzo ya vitendo hospitali ya Peter Bent Brigham, Boston, chini ya Harvey Cushing, bingwa wa upasuaji wa ubongo ambaye sifa zake zilivuka bahari. Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, alikwenda Ufaransa na kikosi cha madaktari wa Harvard kuhudumia majeruhi.

Aliporudi akaingia kwenye mifupa katika hospitali kuu ya Massachusetts, hapo hapo Boston. Hospitali hiyo ndiyo ikawa nyumba yake ya kazi kwa maisha yake yote, na kuanzia mwaka 1929 hadi 1946 alikuwa mkuu wa idara ya mifupa.

NJIA YA MBELE

Kabla ya msumari, kuna jambo ambalo bila hilo msumari wenyewe usingekuwepo. Nyonga ni jointi iliyojificha. Goti unaligusa, kiwiko unakigusa, lakini nyonga imefunikwa na misuli minene pande zote. Zamani daktari akitaka kuifikia ilibidi akate nyama nyingi, mgonjwa apoteze damu nyingi, na mzee dhaifu angeweza kumfia mezani.

Wanaosimulia maisha yake wanasema akiwa bado mwanafunzi wa ubingwa alimsaidia mkubwa wake, Dkt. Elliott Brackett, katika upasuaji wa nyonga, akashtushwa na jinsi mgonjwa alivyoumizwa. Akaona lazima kuna njia nyingine. Akaanza kuitafuta kwa kuchunguza maiti, akaipata: kuingilia kwa mbele na kupita katikati ya misuli kwa kuitenganisha, badala ya kuikata ovyo. Mwaka 1917 akaiandika kwenye jarida la madaktari wa mifupa. Hakuwa hata na miaka 31. Njia hiyo hadi leo ina jina lake, na madaktari wanaobadilisha nyonga kwa kuingilia mbele wanapita palepale alipopita yeye.

TATIZO LENYEWE LILIKUWA NINI?

Tuelewane kwanza kuhusu mfupa wenyewe. Mfupa wa paja kwa juu una kichwa cha mviringo kinachokaa kwenye tundu la nyonga kama mchi ndani ya kinu. Kati ya kichwa na paja kuna shingo iliyolala kwa mshazari. Hiyo shingo ndiyo huvunjika kirahisi kwa wazee, hasa akina mama, kwa sababu mifupa imepungua uzito. Haihitaji ajali ya basi. Kuteleza tu bafuni kunatosha.

Shingo ikivunjika mambo mawili mabaya hutokea kwa pamoja. La kwanza, misuli mikubwa ya paja inavuta mguu juu na kuuzungusha nje, kwa hiyo vipande havikai pamoja hata ukiufunga vipi. La pili ndilo baya zaidi: sehemu kubwa ya damu inayokilisha kile kichwa hupitia mishipa midogo iliyoambaa na shingo hiyohiyo. Shingo ikikatika, mishipa nayo huweza kukatika, na kichwa kikaanza kufa taratibu kama tawi lililovunjwa.

Ndiyo maana huko nyuma, mwaka 1822, daktari mkubwa wa Uingereza, Astley Cooper, alifundisha kwamba mvunjiko wa ndani ya kifuko cha jointi ya nyonga huunga kwa nadra sana. Neno la mkubwa likishatoka, wengi walifuata kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa New York, Royal Whitman, alileta matumaini: alivuta mguu, akautanua, akaufunga kwa plasta gumu, lile ambalo siku hizi mitaani tunaliita hogo. Lakini lile hogo lilianzia usawa wa mbavu likashuka hadi vidoleni! Mzee wa miaka 75 anakaa humo wiki nyingi, hageuki, hakai, haja zote humo humo. Vijana wenye afya walivumilia. Wazee wengi kifua kilijaa, ngozi ikaoza, damu ikaganda kwenye mishipa, wakafa kabla plasta halijafunguliwa. Kama bibi yangu, ila yeye hata hilo plasta hakufungwa.

MSUMARI WENYEWE

Sasa hapa tusidanganyane. Smith-Petersen hakuwa mtu wa kwanza kufikiria kupigilia chuma kwenye nyonga. Bernhard von Langenbeck wa Ujerumani alijaribu katikati ya karne ya 19, enzi ambazo usafi wa vidudu haukujulikana. Hata kwao Norwei, Julius Nicolaysen alikuwa ameshaandika kuhusu kupigilia misumari mwaka 1897. Lakini misumari ile haikushika kazi. Mingine ililegea, mingine ilileta usaha, na mingine ilipigiliwa bila daktari kuona mvunjiko umekaaje.

Tatizo la umbo nitalieleza kwa mshikaki. Ukichoma nyama kwenye kijiti kimoja cha mviringo, ukigeuza kijiti nyama inabaki palepale, inazungukazunguka yenyewe. Kichwa cha nyonga kikichomwa na pini moja ya mviringo hufanya vilevile: mgonjwa akisogeza mguu, kichwa kinazunguka kwenye pini na mfupa hauungi. Ukitumia pini nene zaidi, unamaliza mfupa wenyewe, maana shingo ile si kubwa.

Mwaka 1925 Smith-Petersen alianza kutumia msumari wa chuma wenye mapezi matatu membamba yaliyokutana katikati. Ukiukata na kuutazama kwa mbele, unafanana na nyota ya Mercedes bila lile duara. Mapezi matatu yaliukamata mfupa pande tatu, kichwa kikashindwa kuzunguka. Na kwa kuwa mapezi ni membamba, msumari ulichukua nafasi ndogo tu ya mfupa. Ni kitu rahisi mno ukishakiona, lakini kabla yake watu walihangaika miaka 70 na zaidi.

Halafu akaunganisha na ile njia yake ya mbele. Alifungua nyonga, akauona mvunjiko kwa macho yake, akaviweka vipande sawasawa, kisha akapigilia msumari kutoka ubavuni mwa paja, ukapita ndani ya shingo hadi kwenye kichwa. Mwisho akavigongesha vipande vishikane barabara. Mgonjwa hakuhitaji tena lile plasta la mbavuni. Aliweza kukalishwa kitandani mapema, kugeuzwa, kuhamishiwa kwenye kiti. Kukanyagia mguu kulisubiri mfupa uunge, hilo lilikuwa palepale, lakini kifua kilipata hewa na mgongo ulipona vidonda.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii kwa maoni yangu. Chuma kile kiliunga mfupa, sawa, ila kilichookoa maisha ni kumtoa mzee kitandani.

Jambo lingine la kumsifu: hakukimbilia kujitangaza. Alianza 1925, lakini taarifa yake kamili, aliyoiandika na wenzake Edwin Cave na George Van Gorder, ilitoka mwaka 1931. Miaka sita aliitumia kufanya, kufuatilia wagonjwa na kuona nani amepona na nani hajapona.

MSUIDI NA WAYA WAKE

Habari zilipoenea, wengine wakaanza kuboresha. Mwaka 1932 Sven Johansson wa Gothenburg, Uswidi, alitoboa tundu katikati ya msumari kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa nini? Kwanza unaingiza waya mwembamba kwenye mfupa, unapiga eksirei ya mbele na ya ubavuni, ukiona waya umepita katikati ya shingo unavisha msumari juu ya waya na kuupigilia. Hukosei njia, na huhitaji tena kuifungua jointi nzima, kidonda kidogo ubavuni kinatosha.

Kwa mtazamo mmoja, hilo liliiondoa ile njia ya mbele ya Smith-Petersen kwenye kazi ya kupigilia msumari. Lakini ndilo lililoufanya msumari wake uenee dunia nzima, maana hata daktari ambaye si bingwa wa nyonga aliweza kuupigilia. Mbinu ile ya waya wa kuongoza bado inatumika hadi leo.

VIOO, KUTU NA DAKTARI WA MENO

Huku msumari ukiendelea, kichwani mwake kulikuwa na jambo lingine. Mwaka 1923 alimtoa mgonjwa kipande cha kioo kilichokuwa kimekaa mgongoni kwa kama mwaka mzima. Wengine wangekitupa na kushona. Yeye akaangalia kilivyozungukwa: mwili ulikuwa umekijengea utando laini unaong'aa, wenye vitone vya majimaji, unaofanana na ule wa ndani ya jointi. Akajiuliza, je, nikiweka kikombe cha kioo kati ya kichwa cha nyonga na tundu lake kwa mtu ambaye nyonga imesagika, mwili hautajenga utelezi mpya?

Akajaribu. Vikombe vya kioo vikapasuka. Akaenda kwenye aina ya plastiki ya zamani, mwili ukaikataa. Akarudi kwenye kioo kigumu cha Pyrex, nacho kikavunjika. Akajaribu hadi Bakelite, ile plastiki ngumu ya simu za zamani. Miaka 15 ya kushindwa, wadau, na kila kushindwa kulikuwa na mgonjwa nyuma yake aliyerudi mezani. Hilo nalo tuliseme wazi, tusimfanye malaika.

Wakati huohuo vyuma navyo vilikuwa na ugonjwa wao, kutu. Mwilini kuna chumvi na maji, na vyuma vya aina mbili vikikutana humo hufanya kazi kama betri, kimoja kinaliwa. Mfupa unaozunguka unalainika, msumari unalegea. Madaktari wawili wa Texas, Charles Venable na Walter Stuck, walilionyesha hilo kwa majaribio ya wanyama katika miaka ya 1930, na wakaona kuna mchanganyiko mmoja ambao mwili hauusumbui: vitaliamu, yaani kobalti, kromi na molibdenamu.

Vitaliamu ilitoka wapi? Kwenye meno! Ilikuwa ikitumika kutengeneza meno ya bandia. Na aliyemshauri Smith-Petersen aijaribu kwenye kikombe chake alikuwa daktari wake wa meno, John Cooke. Bingwa mkubwa wa Harvard amekaa kwenye kiti cha meno, anasikiliza ushauri na anaufuata. Mwaka 1938 kikombe cha vitaliamu kikaingia kwenye nyonga ya mgonjwa, na safari hii hakikupasuka. Kwa zaidi ya miaka 20 kikombe hicho kilikuwa tumaini kubwa la watu waliosagika nyonga, hadi miaka ya 1960 Mwingereza John Charnley alipoleta nyonga kamili ya bandia. Misumari nayo ikaanza kutengenezwa kwa mchanganyiko uleule.

MIAKA YA MWISHO

Mwaka 1945 yeye na wanafunzi wake, Carroll Larson na Otto Aufranc, walieleza upasuaji wa kuwanyoosha watu waliopinda mgongo kwa ugonjwa unaogandisha uti, watu waliokuwa wakitembea wanaangalia vidole vyao tu. Nao una jina lake. Alifariki Juni 1953 akiwa na miaka 66. Aufranc aliendelea na kazi ya vikombe, na mwanaye Marius, Morten, naye akawa daktari wa mifupa.

Huku Ujerumani, Gerhard Küntscher alikuwa ameutazama msumari wa nyonga akajiuliza, kwa nini paja zima lisipigiliwe kwa ndani? Alianza mwaka 1939. Ukoo wa misumari hiyo ya ndani ya mfupa ndio umefika hadi kwetu: shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na Dkt. Lewis Zirkle, limekuwa likitoa misumari ya aina hiyo bure kwa hospitali za nchi maskini, zikiwemo za Tanzania. Ukimwona kijana wa bodaboda kawekewa chuma cha paja na anatembea, ujue Boston ya 1925 imo humo.

JE, MSUMARI WAKE BADO UPO?

Hapana, hautumiki tena. Na haukuwa bila kasoro: wakati mwingine uliteleza ukatoka nje, wakati mwingine ulitoboa kichwa, na pale ambapo mishipa ya damu ilishakatika, kichwa kilikufa hata msumari ukikaa vizuri kiasi gani. Siku hizi shingo iliyovunjika bila vipande kuachana hushikwa kwa skrubu. Kwa mzee ambaye vipande vimeachana, mara nyingi madaktari hawahangaiki tena kuunga, wanatoa kichwa na kuweka cha bandia. Mvunjiko wa chini ya shingo huwekewa skrubu inayoteleza kwenye bamba, au msumari wa ndani.

Vifaa vimebadilika, lengo ni lilelile la Smith-Petersen. Miongozo ya Uingereza inataka mzee aliyevunjika nyonga afanyiwe upasuaji siku hiyohiyo au kesho yake, na aanze kuinuliwa siku inayofuata. Hawasemi ni mzee aachwe. Wanasema ni mzee, kwa hiyo aharakishwe.

Mimi si daktari, lakini hili nalisema kama mjukuu. Mzee wako akianguka, akashindwa kusimama, mguu ukaonekana mfupi na umelala nje, usimkande, usimvute, usimpeleke kwa mtu wa kuchua. Mpeleke apigwe eksirei siku hiyo. Ukiambiwa arudi nyumbani kwa sababu ya umri, uliza kwa adabu: je, anaweza kupasuliwa? Kama si hapa, ni wapi? Kama haiwezekani kabisa, tumkalisheje na tumgeuzeje ili kifua na mgongo visimwue? Sisi hatukuuliza hata moja kati ya hayo. Tulisema ahsante daktari, tukaita teksi.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama una mzee aliyewahi kuwekewa chuma cha nyonga, tueleze hapo chini ilikuwaje, alikaa siku ngapi kabla ya upasuaji, na sasa anatembeaje. Na walio kwenye fani, mkiona nimepotoka mahali, nisahihisheni bila kuona haya.